Mji Aliopewa Mwalimu Msabaha

Ukishindwa kitendawili, toa mji. Ndivyo tulivyokuta na ndivyo tutakavyoacha. Mtegaji akisema "Nipe mji," hukai ukamtumbulia macho. Unampa Pangani, unampa Saadani, unampa Unguja nzima na minazi yake. Naye hupokea, huenda huko kwa ulimi, hukaribishwa, hula akashiba, ndipo akafumbua. Mtu hutoa miji hata kumi katika kikao kimoja, na asubuhi akiamka yote ipo mahali pake.

Hivyo ndivyo alivyojua Msabaha tangu utotoni, na hakuwa na sababu ya kujua vingine.

Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani pale Bagamoyo, mtu wa kanzu safi na sauti ya kusikilizwa. Wadachi walipotafuta mtu wa kwenda kwao Berlini kufundisha Kiswahili katika chuo chao kikuu, jina lake likatajwa, naye akakubali. Siku hizo vita havijaingia pwani. Mama yake, Bimdogo, alicheka mpaka akashika ubavu.

"Uende ng'ambo ukafundishe watu wazima kusema? Kwani mama zao walikuwa wapi?"

"Wanataka kusema kama sisi, mama."

"Wakishasema kama sisi watataka nini tena?"

Mama ni mama. Hakuwa anatabiri, alikuwa anatania tu, na huku mikono yake inafunga visheti vya njiani.

Msabaha akafika Berlini wakati wa baridi, akiwa na makubadhi miguuni na shali mbili shingoni. Siku ya kwanza, alipofika mlango wa darasa, alifanya afanyavyo mtu yeyote aingiapo mahali pa elimu: akavua viatu, akaviweka vizuri pembeni, akaingia peku. Sakafu ya mbao ilikuwa baridi kama tumbo la samaki. Ndani walikaa wanaume wenye ndevu, wanajeshi, wafanyabiashara, padri mmoja, na wote waliitazama miguu yake. Mmoja akacheka, wa pili akapokea, na hatimaye darasa zima likaangua kicheko. Msabaha akasimama hapo katikati, vidole vinamfa ganzi, asijue kosa lake ni lipi.

Kesho yake kijana mmoja akaja na buti zake mkononi. Aliziweka mlangoni kando ya makubadhi ya mwalimu, akaingia na soksi, akakaa mbele kabisa. Jina lake Rodeki, afisa wa jeshi, mwenye macho ya kijivu na adabu nyingi.

"Nimefanya sawa, mwalimu?"

"Umefanya sawa, mwanangu."

Jamani, mtu akiwa ugenini hupewa heshima kidogo tu akaifunga kwenye pindo la nguo asiidondoshe. Tangu siku ile Msabaha akampenda Rodeki kama mdogo wake wa tumbo moja, Salumu, aliyemwacha nyumbani.

Akawafundisha maamkio, akawafundisha kupiga hodi na kungoja. Wakichoka, anawategea vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!" Darasa zima, kwa sauti za kijeshi.

"Hunilamba miguu, nikimshika hashikiki."

Wakafikiri. Mbwa? Paka? Moto? Wakashindwa.

"Basi nipeni mji."

Wangempa mji gani? Hawakujua mwingine ila ule aliokwisha kuwatajia. "Tunakupa Bagamoyo!"

Na Msabaha akaenda. Angeweza kusema maneno mawili tu, kwamba alifika Bagamoyo, akala, akashiba, kisha akafumbua kwamba ni wimbi. Ndivyo watu wafanyavyo. Lakini dirishani theluji ilikuwa inaanguka, na yeye hakuwa amesikia sauti ya mama yake kwa miezi mingi. Akaenda polepole. Alitoka forodhani, akapita kwa mjomba wake akapewa kahawa, akashuka kwa nyuma kwenye mikoko, akapita kile kinjia ambacho maji yakipwa huacha mchanga mgumu katikati ya matope, mkono wa kulia wa mti uliopinda. Mama yake ndiye aliyemwonyesha kinjia hicho akiwa mtoto, wakienda Mkwajuni kwenye shamba lao. Akafika Mkwajuni, akala muhogo wa nazi. Ndipo akasema, "Ni wimbi."

Wanafunzi wakapiga makofi. Rodeki alikuwa amefumba macho, anasikiliza kama mtu anayeonja.

Tangu hapo kila kitendawili kilikuwa safari. Msabaha alichagua vigumu makusudi ili washindwe, ili wampe mji wake, naye arudi nyumbani bila nauli. Aliwapeleka Kisima cha Nyuki, ndani zaidi kwenye msitu, ambako watu wa Mkwajuni huhamia mvua zikizidi. Aliwasimulia jinsi marehemu baba yake alivyowafukuza nyuki kwa moshi wa makumbi, wakamgeukia Bimdogo, naye akakimbia akajitosa kwenye hori la kunyweshea mbuzi, akabaki ametokeza pua tu, nyuki wakamwuma hiyo hiyo pua. Darasa lilicheka mpaka padri akafuta machozi.

Rodeki alibaki nyuma siku hiyo. "Mwalimu, na mtu asiyejua mti uliopinda, atapita vipi?"

"Hapiti," Msabaha akasema, kwa majivuno. "Atazama mpaka kiunoni."

Habari za vita zilimfikia huko huko. Watu wa pwani wamekataa bendera ya Wadachi, manowari zimepiga mizinga, Bagamoyo imeungua, watu wamekimbilia porini. Rodeki akaja kuaga amevaa sare, akamshika mikono yote miwili, akasema anapelekwa huko vitani. Msabaha akamwombea safari njema. Usiku huo hakula. Alijiambia, kijana huyu anajua kupiga hodi; mtu anayejua kupiga hodi hawezi kuwa mbaya. Akajiambia hivyo siku nyingi, kisha akaomba ruhusa ya kwenda kumwona mama yake, akapewa.

Alipotia mguu Bagamoyo alikuta paa zimeanguka na mitaa kimya. Forodhani walisimama askari wa Kinubi walioajiriwa na Wadachi. Mtu akaja mbio mchangani, amenyoosha mikono.

"Shikamoo, mwalimu wangu!"

"Marahaba," Msabaha akajibu. Lilimtoka kwa mazoea.

Rodeki alikuwa ameungua na jua na Kiswahili chake kimenyooka. Akampeleka kwenye nyumba ambayo sasa ndimo akaamo. Ilikuwa nyumba ya mjomba wake Msabaha. Mlangoni Rodeki akainama, akavua buti, akaziweka vizuri pembeni, ndipo akaingia.

Msabaha akavua vyake, akamfuata.

"Keti, mwalimu. Kahawa iko." Akammiminia mwenyewe. "Nilikuwa nakungoja nikushukuru. Wakubwa wangu walisema Mkwajuni haifikiki kwa upande wa bahari. Mimi nikasema inafikika. Mti uliopinda upo, mwalimu! Upo kama ulivyosema. Tulipita maji yakiwa yamekupwa, wala hakuzama hata mmoja."

"Mlikwenda Mkwajuni."

"Waasi walijificha pale. Wengi walikimbia. Kijana mmoja alirudi mbio ndani ya moshi kuchukua kitu, askari wangu akampiga risasi. Nilisikitika sana." Na uso wake kweli ulisikitika. "Sasa wako Kisima cha Nyuki, bila shaka. Kesho kutwa alfajiri nakwenda. Mama yako usiwe na hofu, nimetoa amri asiguswe. Ningependa kumwona. Nitamwuliza kama pua ilipona."

Akacheka, akingoja mwalimu wake acheke naye. Na Msabaha, Mungu amsamehe, akatabasamu.

Kesho yake alfajiri aliaga kwamba anakwenda kuzuru kaburi la baba yake. Rodeki alimwamini. Kwa nini asimwamini? Msabaha akashika njia ya Kerege, akaiacha, akakata porini, na kufika adhuhuri alikuwa Kisima cha Nyuki, kanzu imeraruka.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Hakujibiwa. Kisha vichaka vikatikisika, akatoka Bimdogo, amekonda, kaniki imefifia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba... Msabaha? Ni wewe au wamenitumia kivuli chako?" Akamshika masikio kama mtoto. "Ni wewe. Umenawiri bwana! Huko Udachini walikuwa wanakulisha au wanakunenepesha wakuchinje?"

Akacheka, halafu kicheko kikageuka katikati, akamwegemea kifuani akalia. "Salumu hatunaye. Mdogo wako hatunaye, mwanangu. Mkwajuni. Alirudi kuchukua msahafu wa baba yenu."

Msabaha aliitazama miguu yake tu, iliyovaa viatu vya Kidachi.

Wakamkalisha, wakamletea maji na muhogo wa kuchoma, watu wa nyumba tatu nne waliobaki. Dada yake Mwaija akaja akamwamkia, macho mekundu, wala hakukaa. Alichukua kipande cha muhogo akaenda nacho hadi nyuma ya kisima, ambako mumewe Majaliwa alikaa peke yake amewapa watu mgongo. Majaliwa alikuwa mtu wa bara. Alishuka na misafara akibeba pembe, akampenda Mwaija, akabaki.

"Mbona shemeji kajitenga?" Msabaha akauliza, ingawa ndani yake kitu kilikwisha kujibu.

"Hakujitenga, tumemtenga," Bimdogo akasema. "Nani aliyekuwa anatoka Mkwajuni kwenda mjini kutafuta chumvi? Yeye. Nani hakuwepo siku askari walipokuja? Yeye. Na askari wakaja na kinjia cha mikoko, Msabaha. Kinjia changu! Mgeni hakijui mpaka aonyeshwe."

"Amekiri?"

"Mwizi gani anakiri? Mtu wa bara huyo, pwani kaja na mzigo kichwani, ataujuaje utamu wa mji usio wake? Wazee wamekata shauri. Anamwacha mwanangu, anaondoka."

"Aende wapi, mama? Huku watu wetu wakimkuta watamchinja kwa hilo jina la usaliti. Kule Wadachi watamnyonga."

"Salumu naye alikuwa na pa kwenda?"

Sasa hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Neno lilikuwa limekaa juu ya ulimi. Msabaha akaangalia uso wa mama yake, ule uso aliokuwa akiusafiria kutoka kwenye theluji, akaona hawezi. Akajiambia: nitawaokoa kwanza, nitasema baadaye. Ujanja wa mwenye kosa ni huo huo siku zote.

"Mama, ondokeni hapa leo. Askari wanakuja kesho alfajiri."

Watu wakasimama. "Wanakuja hapa? Wamepajuaje?"

"Nimesikia mjini."

"Kutoka kwa nani?"

"Nimesikia tu."

Bimdogo akageuka polepole. Akatazama nyuma ya kisima. "Mnaona?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, mbaya. "Mnaona wenyewe? Juzi alikwenda kuchimba mihogo akachelewa kurudi. Keshawaambia na hapa!"

"Majaliwa!" mtu mmoja akapiga kelele. "Njoo hapa, mbwa wewe!"

"Mama, sikusema hivyo," Msabaha akasema.

Nani wa kumsikia? Vijana wawili walikwisha kuokota magongo. Majaliwa akainuka. Hakukimbia, hakujitetea. Alifunga kitambaa chake chenye muhogo ule nusu, akamwambia Mwaija jambo moja kwa sauti ndogo. Mwaija akaanguka akamkumbatia magoti.

"Acha, mama watoto," Majaliwa akasema. "Watu wakishakuona mgeni, hata maji unayowachotea yana sumu."

"Kaka!" Mwaija akalia. "Kaka, wewe umesoma, waambie! Watakusikiliza wewe!"

"Ni mimi," Msabaha akasema.

Wakamtazama.

"Niliyewaonyesha kinjia ni mimi. Na hapa pia. Majaliwa hajui kitu."

Kisha, ajabu ya Mungu, Bimdogo akatabasamu kwa huruma. Akamsogelea akamfuta jasho na upindo wa kaniki. "Jamani mwanangu. Ndivyo ulivyo tangu mdogo. Salumu akivunja mtungi, wewe ndiye uliyekuwa ukisema umevunja. Usijibebeshe kwa ajili ya dada yako. Wewe ulikuwa ng'ambo ya bahari, ungeonyesha vipi?"

"Kwa mdomo."

"Mdomo gani unafika Bagamoyo kutoka Udachini?"

"Mwalimu ana roho nzuri," mzee mmoja akasema. "Lakini hili tuachie sisi." Na magongo yakasogea.

Heshima yake yote, kanzu yake, elimu yake, vikawa ukuta. Hawakuweza kumwona nyuma yake. Msabaha akaelewa kwamba kusema kosa hakutoshi. Itabidi alivue mbele yao kama nguo.

"Mama. Ile siku ya nyuki. Baba alichoma makumbi, ukajitosa kwenye hori la mbuzi. Majaliwa alikuwepo?"

Bimdogo akakunja uso. "Majaliwa? Siku hizo hata Mwaija hajaota meno."

"Umewahi kumsimulia?"

"Nimsimulie mkwe wangu kwamba nililala kwenye hori la mbuzi? Una wazimu?"

"Wewe, Mwaija?"

Mwaija akatikisa kichwa. Kilikuwa kichekesho cha Bimdogo na watoto wake wa kiume, basi.

"Yule afisa aliyechoma Mkwajuni anakijua," Msabaha akasema. "Jana kaniuliza kama pua yako ilipona. Alikuwa mwanafunzi wangu. Tukicheza vitendawili wakishindwa wananipa mji, nami naenda. Nilikuwa nakwenda kwetu kila siku, mama. Napita kinjia, nakula kwako, nakuja hapa. Nilisema yote. Mti uliopinda nilisema, na kwamba watu wa Mkwajuni huhamia hapa nilisema."

Bimdogo alikuwa bado ameshika ule upindo wa nguo. Ukamtoka mkononi.

"Wao walikupa nini?"

"Walinisikiliza."

"Na nini tena?"

"Hakuna kingine."

"Kwa hiyo ulikuwa unanikumbuka," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, miguu imenyooka kama mtoto. Hakulia. Watu walishusha magongo mmoja mmoja, bila kutazamana.

Baadaye Bimdogo akainuka. Kwa desturi zetu mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Alijifunika kaniki kichwa kizima, akaenda hadi nyuma ya kisima, akapiga magoti mbele ya Majaliwa, uso chini.

"Nimekukosea, baba. Nakutaka radhi mbele ya watu, kama nilivyokutukana mbele ya watu."

Majaliwa akageukia pembeni kwa aibu ya kumwona mama mkwe magotini. "Mwaija, mwinue mama," akasema. "Radhi tutaizungumza tukifika. Jua linakwenda."

Wakafunga vyungu, wakakamata kuku. Sasa hawakumuuliza Msabaha njia. Walimuuliza Majaliwa, aliyekuwa ametembea bara yote na mzigo. Msabaha akainama akabeba mkeka wa mama yake na gunia la mihogo. Mwaija akaja akamtua, bila ukali, kama mtu anavyochukua kisu kutoka mkononi mwa mtoto.

"Nipe, kaka. Mzigo huu hauendi nawe."

Msabaha akamgeukia mama yake. Bimdogo alikuwa amekwisha kujifunga kibwebwe.

"Sikukani," akasema. "Nilikuzaa na radhi zangu unazo, sitaki ufe bila hizo. Salumu nitamlilia, na wewe nitakulilia, kila mmoja kwa siku yake. Lakini tunakokwenda hutapajua."

"Nisipopajua nitawapataje, mama?"

"Hutatupata."

"Wallahi sitamwambia mtu."

"Najua hutamwambia. Na kule hukumwambia mtu, ulikuwa unanikumbuka." Akamgusa shavu, mkono mkavu kama ganda la nazi. "Utanikumbuka tena, Msabaha. Mimi najua. Geuka."

Msabaha akageuka, akakabili ukuta wa kibanda cha makuti. Akasikia kuku wakilalamika, akasikia mtoto akikohoa, akasikia miguu ya watu ikianza kwenda. Sauti ilianza kuelea upande mmoja, na sikio lake likaanza kuifuata lenyewe, kaskazini au kusini, bondeni au kilimani. Ndipo akainua mikono yake yote miwili, akaziba masikio, akafumba macho, akakaa hivyo.